Waya Isiyorudi

Hynek Doležel aliandika ombi la maneno mawili: kama zamani.
Kana kwamba zamani hupimwa kwa kilo
hapa Liberec, nyuma ya kiwanda cha sufu kilichofungwa,
ambako Bohdana huwasha jiko saa moja, theluji bado ya buluu dirishani.

Piano imelala kifua wazi.
Nyuzi za kale, nyekundu kwa kutu, amezitia katika kopo la biskuti,
kila moja na karatasi yake: unene, urefu, jirani.
Nyingine zilikatika mkononi bila hata kulia.

Ukutani mizingo mitatu.
Ya kwanza ni chuma cha leo: ikunje kidoleni, iachie,
inaruka, inanyooka, haina habari nawe.
Ya pili hurudi nusu, kama mtu aliyeitwa akiwa mlangoni.
Ya tatu hubaki ulivyoipinda.
Samaki mkunje angali mbichi, sawa,
lakini hawa wote watatu ni wabichi
na kila mmoja ana miiba yake.

Waya ngumu huvuta fremu, na fremu hii ni mbao na vyuma viwili tu;
ukiidai nguvu za leo itapasuka usiku
kwa mlio wa barafu ziwani.
Tena uzi mfupi ukiwa mkaidi, sauti zake za juu hukimbia mbele,
hazimsubiri mama yao.
Waya laini ina sauti ya mkate wa moto,
kisha hulegea, hulegea, mpaka fundi achoke kuitwa.

"Mkeo alikuwa akipiga nini?" aliuliza kwa simu.
Kimya. Kikohozi.
"Hakujua kupiga. Alikuwa akipita na kapu la nguo,
anagusa noti moja kwa kiwiko. Hiyohiyo. Miaka thelathini na moja."
Akaitoa puani, mdomo umefumbwa:
sol, chini kidogo ya katikati, imeshuka.

Basi juu ameweka ngumu, nyembamba kuliko jedwali lisemavyo.
Chini, ile ya pili.
Na hapo katikati, kwa nyuzi tatu za noti moja,
ile laini isiyorudi,
akijua atakayerudi ni yeye: Alhamisi hii, na ijayo,
na ya baada ya hapo, ufunguo wa kukazia mfukoni,
bila kumtoza mzee.

Kidole gumba kinavuja damu. Anakinyonya.
Ladha ya chuma,
hajui ni ya mzingo upi.