Le Pistoni wa Limbani

Nilikuwa na miaka minane na mapengo mawili mbele,
ndiyo maana nikachaguliwa.
Ami Msaidie alisema Kifaransa kinataka upenyo,
na kinywa changu kilikuwa na nafasi.

Gereji ilikuwa nyuma ya ghala la karafuu, Limbani, Wete.
Jina letu liliandikwa mlangoni
kwa rangi iliyobaki ya kupakia boti: LE PISTONI,
herufi ya mwisho imebanwa na bawaba.
Wakinisimamisha juu ya kreti la soda,
mbele yangu Bedford lililotolewa injini, mdomo wazi,
msikilizaji wetu wa kwanza.
Ngwali akipiga mapipa, moja la dizeli, moja la grisi.
Vuai alikuwa na besi ya nyuzi tatu;
wa nne ulikuwa waya wa breki ya baiskeli,
ukiugusa vibaya unakutia alama.
Spika ilitolewa kwenye redio ya marehemu babu yake.
Ilikula betri ya lori, ikakoroma
kama mtu mwenye pumu aliyekasirishwa.

Na Ami, na gitaa lake jekundu, na kitabu.
Alikuja nacho kutoka Majunga
mwaka ule Wangazija walipouawa na kufukuzwa.
Hakuja na sanduku. Hakuja na mke.
Alikuja na kitabu ndani ya shati, kimeingia jasho,
na kila usiku akinisomea mstari, nami nikiudaka
kama kuku anavyodaka kumbikumbi.

*Devise le bushooo,*
*lese kule luil, lese kule, lese*

"Maana yake nini, Ami?"
"Mapenzi," akasema. Akafuta plagi kwa kitambaa.
"Ya watu wazima. Imba."

Sikuimba, nilifoka.
Sauti yangu ilikuwa ya kuitia mbuzi.

Sikukuu pili, uwanja wa skuli ya Utaani,
tulipiga nyimbo nne; ya nne ilikuwa ile ya kwanza tena,
kwa haraka zaidi.
Vijana walirusha viatu, mpaka leo sijui
kwa furaha au kwa kutufukuza.
Bi Time wa Bopwe, aliyezoea fidla na ganuni,
alikaa hadi mwisho, machozi yanamtoka,
akaja kunitunza shilingi tano, akanibandika pajini.
"Mwanangu," akasema, "sikufahamu hata neno,
lakini huyo mwanamme kakutenda."

Kisha msimu ukafunguka, lori likataka betri yake.
Vuai akenda Maskati.
Mie nikaota meno, nikavunja ungo,
mama akasema basi,
na basi ya mama haina ubeti wa pili.
Ami alikufa mwaka wa mvua kubwa.
Kitabu kililiwa na mchwa, kuanzia jalada.

Juzi, niko barazani na cherehani yangu,
akaja mwalimu mgeni, Nduwayo, Mrundi,
anasomesha Kifaransa, anataka suruali ipunguzwe.
Nikawa natia uzi, mdomo umeshajiendea zake:
*devise le busho.*
Alicheka hata akashika nguzo.
Halafu akanitazama usoni, akaacha.

"Bibi, hiyo ni Pijo. Ni kitabu cha mafundi.
Fungua kizibo. Acha oili ichuruzike."

Suruali ikabaki mguu mmoja mfupi.
Basi mtu mji wake unaungua,
ana nafasi ya kuchukua kitu kimoja,
anachukua namna ya kubadilisha oili.

"Na *ne forse pa*?" nikamuuliza.
Hiyo tukiirudia mara kumi na mbili,
Ngwali akivunja fimbo.

Mwalimu akafikiri, kama anayechelea kunikosea.
"Usilazimishe," akasema. "Bolti ikigoma,
usilazimishe."

Na hapo ndipo nilipokuwa nikipiga kelele kuliko pote,
mishipa ya shingo imenisimama,
kreti linacheza chini ya miguu yangu.