Uani

Maji yalikuwa meupe machoni, machafu moyoni.
Matone saba ya dawa katika kichupa,
tikisa, subiri dakika tano,
jibu likaja rangi ya damu ya mzee.
Lita sitini za bahari sebuleni kwetu Ilala:
samaki wawili wa chungwa wenye mikanda myeupe,
kamba mmoja mwenye haya,
na juu ya kila jiwe nywele za kijani
nilizozing'oa Jumamosi, zikarudi Jumanne
kama mdai.

Kosa nililiona nikiwa na kitambaa mkononi,
nasugua kioo wageni wasione.
Tangi lote ni sebule.
Wanakula humo, wanalala humo, wanajisaidia humo humo.
Nani alijenga nyumba isiyo na ua wa nyuma?

Nikaenda Buguruni kwa fundi Mkude, mkata vioo vya madirisha.
Nikamchorea kisanduku nyuma ya risiti ya luku:
upana shubiri moja, urefu dhiraa,
kizuizi kifupi kati, maji yapande, yaanguke.
Akautazama mchoro, akanitazama mimi.
"Samaki wenyewe kilo ngapi?"
Nikamwonyesha kidole changu cha mwisho.
Akakata kimya, kwa upole wanaotendewa wagonjwa.

Siku tatu nyumba ilinuka siki.
Silikoni hukauka kwa wakati wake, haijali feni wala dua.
Sikudhani alirudi zamu ya usiku Amana,
akavua viatu mlangoni, akanusa.
"Umetia achari?"
"Natengeneza ua."
"Wa nani?"
"Wa samaki."
Akaenda kulala. Miaka kumi na moja ya ndoa
imemfundisha maswali ya kuacha.

Mwani niliutoa Ununio, siku ya bamvua,
maji yamekupwa hadi miamba imebaki kama meno.
Si ule wa majani mapana. Nilitaka uliojisokota,
mgumu, mithili ya stilwaya ya kusugulia masufuria.
Ngumi moja tu.
Nikausuuza ndooni, nikatoa kaa wa ukubwa wa ukucha,
uzi wa nyavu, kizibo cha soda.

Nikautia uani, juu ya mchanga wa vidole vinne.
Pampu ikavuta, maji yakapanda, yakaanguka
kwa sauti ya mtu anayemimina chai chumba cha pili.
Taa nikaitega kinyume:
sebule ikizima saa nne usiku, uani panawaka,
mwani unaamka, unakula
vilivyotupwa mchana.

Wiki ya kwanza, kimya.
Ya pili nywele zikaongezeka, nikamlaani Mkude bila kosa.
Ya tano Sikudhani aliniita alfajiri,
bado yumo ndani ya sare, mkononi tochi ya kumulikia koo.
"Njoo uone watu."
Kwenye kioo, vidudu weupe, wadogo kuliko punje ya chumvi,
mamia, huku na huko,
kama wodi saa ya kubadilishana zamu.
Hakuna aliyewaalika. Walikuja ndani ya mwani,
wakapata pa kujificha, wakazaa.
Wengine huvutwa na pampu hadi sebuleni,
samaki anafumbua mdomo.
"Na hao?" akauliza.
Sikuwa na jibu zuri. Nikasema wengi hubaki.

Juzi kichupa kilitoa rangi ya samli.
Jana umeme ulikatika saa nane usiku.
Pampu ilinyamaza; ule ukimya ndio ulioniamsha.
Nikaketi na kikombe cha plastiki:
chota uani, mimina sebuleni,
chota sebuleni, mimina uani.
Nikahesabu hadi mia tisa na kitu, nikapotea, nikaanza upya.
Samaki sikuwaona. Niliwasikia tu,
au nilijisikia mwenyewe.

Kumi na mbili kasorobo ufunguo ulizunguka.
Hakuwasha tochi. Alivua viatu,
akaushika mkono wangu uliolowa,
akapima mapigo, kwa mazoea tu,
kisha akakichukua kikombe.
"Kalale. Zamu yako imekwisha."