Kisanduku cha Tisa

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la mbegu na dawa ya kupe,
Bi Chelagat ananisukumia fomu
na kalamu iliyofungwa kamba fupi.
Jina nimejaza. Cheti cha uuguzi nimejaza.
Alama za Kijerumani, nilizozipata kwa kukariri vitenzi
zamu za usiku, kati ya dripu na dripu, nimejaza.
Kisanduku cha tisa kinauliza: Jimbo gani?

Kamba haifiki. Inabidi niivute fomu.

Ushauri ninao, tele, wa bure.
Nyaboke aliyetangulia anasema njoo Bavaria,
mshahara mnene, milima, treni haichelewi,
ila kodi ya nyumba itakung'oa meno.
Sista Nekesa wa wodini: kaskazini, mama, Holstein,
mvua ya huko haina hasira, inadondoka tu mwaka mzima,
utadhani uko Keroka.
Shemeji yangu, ambaye hajawahi kuvuka Busia,
anaapa kwamba Saksonia hawapendi wageni.
Baridi je? Gari liliwahi kutuharibikia Timboroa,
nikaona alfajiri umande umegeuka chumvi juu ya nyasi.
Baridi tutaelewana.

Baba aliuliza moja tu: Udongo wa huko ni mwekundu?
Mama aliacha kuchambua chinsaga.
Na jirani, akasema. Jirani atakuwa nani?

Maana kwetu jimbo si neno la fomu.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja lilipofika langoni
vinywani mwa watu waliokunywa chai yetu Krismasi:
Kila mtu arudi jimbo lake.
Baba akageuka huku, akageuka kule, kama anayetafuta miwani.
Alizaliwa pale pale Kericho, nyuma ya kiwanda cha majani,
kitovu chake kimezikwa chini ya mstari wa tatu wa michai.
Arudi wapi?

Mama Chepkoech alituficha siku mbili ghalani,
akipita uani na ndoo ya maziwa
kana kwamba analisha ndama.
Ndama tulikuwa wanne.

Kisha lori. Lori halikuwa na visanduku.
Lilitushusha Nakuru, Uwanja wa Maonyesho,
kila ukoo na banda lake: wengine kwa kuku,
wengine kwa matrekta, sisi kwa ng'ombe.
Miezi saba mama alipika chini ya picha ya fahali
mweusi kwa mweupe, mwenye utepe shingoni.
Nilikuwa nikilala nikisoma herufi zilizo chini yake
mpaka taa ya nje izimwe.
Tulibaki na sufuria, redio
na ufunguo wa mlango usiokuwa na nyumba.
Baba anao mpaka leo. Hutobolea mikebe ya mafuta.

"Asili yako ni wapi?" Bi Chelagat anauliza, bila ubaya,
jinsi watu wanavyouliza hapa.
Nakuru, nasema.
"Asili?"
Nakuru.
Anasoma jina langu, Kwamboka, aliyevuka,
halafu anaanza kutafuta stepla iliyo mbele yake.
"Sisi pia tulihama mwaka ule," anasema,
kwa stepla, si kwangu.

Chini ya barabara mtu anauza ndizi kwa kipaza sauti.
Naandika: Holstein.

Chini yake kuna mistari miwili: Sababu ya kuchagua.
Wa kwanza naandika: Kwa sababu nimeulizwa.
Anaupitia kwa kidole.
"Jaza na wa pili," ananiambia,
"hawapokei nafasi tupu."

Naivuta fomu tena. Kamba inakaza.
Naandika polepole, kwa herufi kubwa,
zile zile za ukutani:
NILISHAKAA HOLSTEIN MIEZI SABA, NIKIWA MTOTO.