Jina si Ufunguo

Nilipoajiriwa niliwakuta Barikieli Mushi watatu,
wote wa Kibosho, wote wa kahawa,
na malipo ya wawili yalishakwenda kwa wa tatu,
ambaye tulipomfikia alikuwa ameshaezeka bati.

Siku hiyo nikaandika ukutani kwa wino mzito,
juu kabisa, mkono wa meneja usipofika:
JINA SI UFUNGUO.
Kila mkulima na namba yake; haiazimwi,
hairudiwi, mwana hairithi.

Chumba changu kilikuwa stoo ya dawa za mibuni,
nyuma ya ofisi ya ushirika, Moshi, karibu na stesheni.
Ukuta bado una madoa ya buluu ya mrututu.
Seva moja inakaa hapa; pacha wake yuko Arusha, Sakina,
na kila ninalomnong'oneza huyu
yule analisikia kabla sijavuta pumzi ya pili.
Watu wakasema: basi tumesalimika.
Nikasema pacha si chelezo.
Nikikosea hapa, kosa linafika Sakina
kabla sijasema samahani.

Chelezo, kamusi inasema, ni kile kinachoelea juu
kuonyesha kilichozama chini.
Vizuri. Nami nilikuwa nacho, kila usiku saa nane.
Ila sikuwahi kuivuta kamba.

Machi, mvua, umeme umekatika mara tatu tangu asubuhi,
nilikuwa nafuta stakabadhi moja iliyoingizwa mara mbili.
Amri ilihitaji neno "ambapo".
Nikalisahau.
Msimu mzima ukaondoka, kilo kwa kilo,
na pacha, mtiifu, akafuta na wake.

Nikakimbilia chelezo.
Wiki kumi na moja za mafaili, majina safi, tarehe safi,
ndani baiti sifuri,
kama kata za mbege zilizofudikizwa baada ya msiba.

Aliyetuokoa ni Sifaeli wa mizani, Uru,
asiyeiamini mashine yangu hata leo,
aliyekuwa akificha nakala za kaboni kwenye debe la biskuti.
Siku tisa. Manka anasoma, mimi nachapa.
"Arobaini na mbili nukta sita. Sitini kamili.
Hii imelowa, andika thelathini na…
ngoja niipeleke dirishani."

Siku ya sita akafika 4471.
Akanyamaza. Anajua ni namba ya nani.
Nikamwambia endelea.

Baba alikuwa amefariki Februari, kahawa yake imeshapimwa.
Baadaye mkaguzi akataka marehemu wote wafutwe,
orodha iwe nyepesi.
Nilikataa, na si kwa sababu ya machozi:
ukifuta mstari wa mzazi,
mistari iliyomtegemea inabaki yatima,
na neno hilo sikulitunga mimi,
ndilo tunalolitumia kazini.
Nikaongeza safu moja tu, tarehe ya kuondoka.
Kwa walio hai iko tupu.
Mkaguzi akasema safu tupu ni upotevu wa nafasi.
Nikasema hiyo ndiyo nafasi pekee
ninayotaka ikae tupu muda mrefu.

Sasa kila Ijumaa, ofisi ikishafungwa,
naivuta kamba. Narudisha kila kitu
kwenye kompyuta kuukuu ya mezani kwa Manka,
nasubiri dakika ishirini, feni ikikohoa,
kisha natafuta 4471.
Kilo mia moja na nane.
Ipo.
Ndipo naenda nyumbani.

Juzi meneja akachungulia mlangoni.
"Kuna kilichoharibika?"
Hakuna, bosi.
"Sasa unatafuta nini saa hizi?"
Nikamwambia mfongo hauzibuliwi siku ya kiu.
Akatikisa kichwa, akautazama ukuta,
akauliza umeme wa kompyuta mbili
unalipwa kutoka fungu gani.