Kiungo

Shaame, mtoto wa mdogo wangu, kaingia dukani
na simu iliyowaka kuliko uso wake.
"Mama mkubwa, haya ndo mambo mapya.
Duka moja kubwa la Dar limenipa kiungo.
Nakitupa kwa watu, anayekibonyeza akanunua,
mimi napata kumi katika mia.
Ubunifu huo!"

Kiungo!
Mimi nakaa katikati ya viungo
mwaka wa ishirini na tisa hapa Mkunazini,
mdalasini kushoto, karafuu kulia,
manjano yamehamia kwenye kucha,
na sijapata kuona kiungo kisicho na harufu.

Nikamwambia: mwanangu, hilo jambo
lilikuwa na miguu kabla halijawa na simu.
Jina lake Ngwali.
Papasi, walimwita,
naye hakulipenda, nani apende kuitwa kupe?
Kofia yake ya viua haikuwa na doa.
Kitaliano chake cha kuokoteza
kilitosha kumtoa mgeni Forodhani,
kumpitisha Hurumzi,
kumzungusha vichochoro vitatu
visivyokuwa na haja ya kuzungukwa,
mpaka mlangoni kwangu.
Hapo alijikuna sikio la kushoto.
Maana yake: huyu wangu.
Nami palepale napandisha bei ya vanila,
kwani fungu la Ngwali lazima litoke mahali,
na kwangu halikutoka.
Baada ya Isha anakuja. Hatusemi kitu.
Nampa noti zimekunjwa ndani ya karatasi ya bizari.

"Sasa kipya ki wapi?"

Shaame akacheka.
"Mashine haisahau, mama mkubwa.
Inamkumbuka mteja siku thelathini.
Ngwali wako angeweza?"

Hapo nikanyamaza.

Mwaka ule wa mvua nyingi
Ngwali alileta bibi mmoja mwenye mwavuli wa njano.
Akajikuna sikio.
Bibi akanusa kopo baada ya kopo,
akashukuru, akaondoka mikono mitupu.
Kesho yake akarudi peke yake:
kilo tatu za iliki, taslimu.
Jioni Ngwali akapita. "Yule wa mwavuli?"
"Sijamwona tena," nikasema,
na vidole vyangu vinanuka iliki.

"Hebu nisomee masharti," nikamwambia Shaame.
"Masharti gani?"
"Hayo ya chini, yenye herufi za sisimizi."
Akasoma, kwanza haraka, kisha polepole.
Mteja akirudi siku ya thelathini na moja, hupati.
Akiingilia mlango mwingine, hupati.
Usipofikisha elfu hamsini, hulipwi.
"Wewe una ngapi?"
"Arobaini na nane, na mia tatu."
"Tangu lini?"
"Tangu Mfungo Mosi."

Basi, kipya nimekiona.
Si kuleta mteja kwa ujira,
hilo rika moja na milango hii ya misumari.
Kipya ni uongo wangu wa jioni moja,
ule ulioninyima usingizi mpaka alfajiri:
leo umepigwa chapa,
umepewa namba ya kifungu,
na hakuna hata mmoja
ambaye vidole vyake vinanuka.

Ngwali siku hizi yuko Fuoni, magoti yamemgomea.
Viungo navyo huchoka.
Nikashusha mizani,
nikapima iliki gramu mia tatu,
kumi katika mia ya kilo zile tatu,
nikaongeza konzi moja
kwa miaka iliyokwisha kupita.
Nikafunga kwa karatasi ya bizari.

"Nimtumie kwa boda?" Shaame akauliza,
kidole tayari kiko kwenye kioo.

"Nenda mwenyewe," nikasema.
"Na akikuuliza nani kakutuma,
usitaje jina.
Jikune sikio la kushoto."