Fungu la Kumi

Mnunuzi kaweka mizani yake
chini ya kanisa letu, Duluth,
kwenye meza ile ya keki za Pasaka.
Paa linavuja, kasema mchungaji, dhahabu italiziba.

Ardith Sorlie akaivua pete kwa sabuni.
Miaka arobaini na sita; gramu tatu na nusu.
"Imelika," mnunuzi akanung'unika,
kana kwamba kuvaliwa ni dosari.

Mimi, mweka hazina, nikaandika:
kwake dola sitini, kwetu sita.
Bei ya mjini niliijua, mara tatu.
Nikamimina kahawa.

Jumapili moja alikinga kiganja apokee mkate.
Kidoleni, mstari mweupe,
kama ukutani picha ilipobanduliwa.
Theluji ilikuwa ikiyeyuka juu ya paa jipya.
Hata tone moja halikutuangukia.