Balbu Mbili, Betri Moja

Kutaisi, baridi ile ambayo umeme wa mji
ulikuja saa moja kwa siku, na siku nyingine haukuja,
mwalimu Nazibrola aliingia na glavu zisizo na vidole
akaweka mezani betri bapa, ndimi zake mbili za shaba zimechomoza,
balbu mbili za tochi ya marehemu mumewe,
na waya tulioumenya kwa meno
kutoka kwenye simu iliyokwisha kusahau kuita.

Moja kwanza. Ikawaka.
Watoto thelathini na mmoja ndani ya makoti tukanyamaza
kama tulioonyeshwa mkate.

Akauliza: nikiziunga mbili, moja nyuma ya nyingine,
ipi itang'aa zaidi?
Tsotne, ambaye kwao walizaliwa saba,
hakungoja kunyoosha mkono:
"Ya kwanza. Wa kwanza chunguni hula nyama,
wa mwisho hulamba mwiko."
Sote tulikubali.
Tulikuwa na njaa; hiyo ndiyo fizikia tuliyoijua.

Akaunga.
Zikawaka zote, nyekundunyekundu, hafifu,
macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya alfajiri,
na sawasawa.
Tukasogeza pua. Tukageuza betri, mbele ikawa nyuma.
Sawasawa.

"Mkondo hauliwi njiani," alisema.
"Unaoingia kwenye balbu ndio unaotoka.
Tazameni Rioni: unapita kinu cha juu, unapita kinu cha chini,
maji ni yale yale.
Wanachogawana ni mteremko."

Halafu akazipanga sambamba, kila moja na njia yake,
zikang'aa zote kama ile ya kwanza ilipokuwa peke yake.
Tsotne akapiga meza: "Bure?"
"Cha bure hakuna, kijana. Betri inatoa maradufu.
Itakufa mapema."

Sikulisikia hilo la mwisho.
Nilikwisha kubadilisha kalamu yangu ya wino
kwa balbu ya pili.

Nyumbani: betri moja,
bibi Eteri na soksi za kutia viraka,
mimi na kitabu cha kuazima.
Nikaunga sambamba, nikajiona fundi.
Kufika Alhamisi, giza.

Bibi akachomoa betri ya redio,
redio aliyoipenda kuliko majirani,
akanikabidhi pamoja na sharti:
"Zile hafifu. Usiku ni mrefu."

Basi tukaketi, kila mtu na kibalbu chake,
ncha mbili za waya mmoja.
Na kwenye mfuatano, ukilegeza balbu yako
ya mwenzako nayo inazimika; njia imekatika.
Hakuna aliyeweza kumtangulia mwingine kulala.

Nikimaliza sura, nilimngoja afike kisigino.
Yeye akimaliza soksi
alifumua mishono michache, polepole,
akaishona upya
mpaka nifunge kitabu.